Hodi Kabla ya Kumwagilia

Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mabati ya nyumba za mtaa wa Manika, Micheline Kabemba anasimama katika bustani nyuma ya nyumba yake, ndoo ya maji karibu na miguu. Hamwagilii kwanza. Anageuza jembe, anagonga udongo kwa mpini, kisha anainamisha kichwa kama mtu aliyebisha mlangoni kwa watu.

Anasikiliza. Ndipo anapochota maji kwa kikombe na kuyamimina taratibu kwenye mashina ya vitunguu vya majani.

"Benzangu banaanza kazi na sala," anasema. "Mi naanza na hodi."

Vitunguu hivyo ndivyo vinavyomlisha yeye na Jémima, binti yake wa mwisho. Hang'oi. Hukata majani kwa kisu kidogo, juu tu ya sehemu nyeupe, akiacha mizizi ichipue upya. Fungu moja sokoni ni faranga mia tano; siku njema hurudi na unga wa bukari, yaani ugali, karo ya shule akiiweka kando kidogo kidogo.

Kiangazi kilipoanza, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Vitunguu vilikuwa vinanyauka, lakini si tuta zima. Ulikuwa mstari mwembamba kama kijia, ukitoka kwenye ukuta wa jirani yake, Josias Mwenze, na kuelekea jikoni kwake.

Alidhani ni fuko. Kisha akadhani ni kiu, naye akakosea kama ambavyo mkulima yeyote angekosea: akaongeza maji.

"Nilimwanga ndoo nzima. Udongo ikakunywa yote, ata haikushiba."

Haukupita muda, Josias akaja, mabega yamelowa tope.

"Mama Jémima, punguza maji. Inatuangukia ku kichwa."

"Inabaangukia wapi, tata? Mi namwangilia mu lupango yangu, mu kiwanja yangu."

Josias akajipangusa tope begani. Alikuwa amekwisha kujifichua.

Kwa miezi kadhaa alikuwa amezungusha turubai nyuma ya nyumba yake, akiwaambia majirani kwamba anachimba choo. Kumbe yeye na vijana walikuwa wakifuata mawe ya kobalti chini ya ardhi, na mawe hayo hayajui ukuta wa mtu.

"Ile choo yenu iko na miguu, tata Josias?" Micheline alimuuliza. "Inatoka kwenu, inakuya mupaka mu jikoni yangu?"

"Chini hakuna lupango, mama," Josias alijibu, akitazama pembeni. "Bijana banatafuta kula."

Micheline hakuweza kumtukana. Marehemu mumewe, Modeste, alijenga nyumba hii hii kwa jasho la shimoni. Lakini tangu siku ile hana raha. Asipomwagilia, vitunguu vinakufa. Akimwagilia sana, udongo uliolowa unaweza kuwafukia watoto wa watu. Na mstari ule wa majani ya njano ulikuwa unasogea. Baada ya jikoni ni chumba cha Jémima. Amekwisha kuuhamishia mkeka wake sebuleni.

Ndiyo maana yeye na wachimbaji wakaafikiana kuhusu hodi. Yeye anagonga juu. Walio chini wanajibu kwa nyundo, kisha wanasogea pembeni mpaka amalize.

"Nikisikia nyundo, moyo inatulia, sababu bako bazima," anasema. "Na papo hapo inashtuka, sababu bangali bako pale."

Juma lililopita mkuu wa mtaa aliwakalisha pamoja. Josias akaahidi kulijaza handaki kwa mawe na udongo, akianzia upande wa jikoni. Micheline alimshukuru. Hata hivyo, anasema, ahadi haishikilii ukuta.

Mizizi aliyoiokoa ameifunga katika gunia bichi, ndani ya beseni kivulini. Maji yakianza kutulia juu ya tuta kama zamani, ataipanda tena mpaka kwenye ukuta wa Josias.

"Na fungu ya kwanza?" Jémima anamchokoza kutoka mlangoni.

"Ya jirani, kama siku zote. Nikimunyima, atasema ni vita."

Anasogea mpaka mwisho wa tuta, pale ambapo majani ya njano yanakaribia kuugusa ukuta wa jikoni. Anagonga kwa mpini. Anainamisha kichwa.

Miezi yote hii aliomba ajibiwe. Leo anaomba kusiwe na mtu chini wa kumjibu.