Baruti ya Masika

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mwisho wa kiangazi, nyumba ya mwisho njia ya Mbagala, na arobaini yangu yote ilipita nasikiliza baruti. Ningefanya nini kingine? Mzazi hatoki. Analala, ananyonyesha, asubuhi na jioni mama mkwe anamkanda kwa maji ya moto mpaka ngozi inawaka.

Nyuma ya nyumba palikuwa na msitu, na ng'ambo ya msitu machimbo ya mawe. Mume wangu alikuwa karani huko. Kabla ya kulipua waligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, ili waliomo msituni watoke. Kiangazi miti ilikuwa mitupu na ardhi imekauka. Reli niliisikia kitandani kama imegongwa uani. Kisha baruti: kofi moja kavu, mtoto anashtuka, naanza upya kumbembeleza.

Mvua zikaanza. Msitu ukafunga majani, reli ikawa inafifia kila siku, mwishowe ikapotea kabisa. Baruti haikupotea. Ilibadilika tu: ikawa nzito, inapita chini, naisikia kwenye mbavu na kwenye miguu ya kitanda kabla ya masikioni. Nilikuwa na muda wa kulifikiria. Majani mabichi yanameza mlio mwembamba. Ule mnene hayauwezi.

Na aliyekuwa akiingia msituni ni mama mkwe. Kupikia tulitumia makumbi ya nazi, lakini maji yangu yale ya moto yalitaka kuni, tena nyingi, na masika kuni za maana zilibaki upande wa machimbo tu.

Siku moja alirudi na nusu ya mzigo, kanga imejaa tope. Jiwe lilikuwa limeangukia pale pale alipokuwa ameinama muda mfupi kabla. Akasema reli haikugongwa. Jioni mume wangu akasema imegongwa, kaisikia mwenyewe. Angekosaje kuisikia, naye alikuwa amesimama chini yake?

Nikamwambia watume mtu aingie msituni kwanza kuita watu. Akasema haina haja, msimamizi wao, yule Mzungu, alishatembea kwa miguu mpaka hapa kwetu, akaisikia reli vizuri.

"Lini?"

"Kiangazi."

"Basi aje tena kesho."

"Mie nikamfundishe Mzungu kusikia?"

Nilichoka kiasi kwamba hata ile hasira ilikuwa nzito kuibeba. Mwanamume amesoma sekondari kama mimi, mama yake anakoswa na jiwe, yeye anamwonea haya bosi.

Asubuhi mama mkwe alipochukua panga na kamba nikamwambia, "Mama, sikandwi tena. Nitaoga maji ya mtungi."

"Na mtoto mchanga kifuani? Watu watasema nimekutupa."

"Waache waseme."

Aliniita mjeuri. Alisema shule ndiyo iliyoniharibu, na kwamba mwanawe alionywa mapema asioe msomi. Nilioga yale maji meno yakigongana, nikarudi kitandani.

Alasiri sakafu ikatikisika, mtoto akaanza kulia. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, amenipa mgongo, panga ubavuni na kamba bado imekunjwa. Sikuwa na nguvu za kubembeleza tena. Akanyoosha mikono nyuma bila kugeuka, nikampa mtoto.