Nota Ndogo za Rosi Kranzl

Vienna wanajua kusujudia watunzi wa muziki. Mtunzi akifa anapewa sanamu, akishapata sanamu anapewa mtaa, akishapata mtaa anapewa keki yenye jina lake. Hata nyumba aliyolala siku mbili akiwa na mafua inabandikwa kibao. Sawa, sina ugomvi na marehemu. Ila nimechoka. Kila nikifungua kitabu cha muziki nakuta mwanaume mmoja kakunja uso, nywele zimesimama, na sifa zote ni zake peke yake, kana kwamba wale watu tisini waliokaa mbele yake na fidla na mabaragumu walikuja kuota jua.

Kwa hiyo leo simwandiki mtunzi. Namwandika Roswitha Kranzl, jirani yangu wa mtaa wa Ottakring, ghorofa moja juu yangu. Ana miaka themanini na moja na bado anapanda ngazi bila kushika chuma. Kazi yake maisha yake yote ilikuwa kunakili nota za okestra moja ya hapa mjini.

Kama hujui kazi hiyo, ni hivi. Mtunzi anaandika kitabu kimoja kikubwa, ala zote zimepangwa humo, moja juu ya nyingine. Mpiga tromboni hawezi kuwekewa mzigo ule mbele yake. Yeye anataka karatasi za tromboni tu, na mpiga zumari za zumari tu. Kabla ya mashine kuja, lazima mtu akae kitako, achomoe sauti ya kila chombo na kuiandika kwa mkono. Kwa simfonia ya zaidi ya saa moja, hiyo ni kazi ya wiki nyingi na kurasa mamia. Rosi aliifanya kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu ya chuma na wino mweusi, na kiwembe cha kukwangulia kosa. Anasema kiwembe kilikuwa hakichakai. Sibishi, maana nimeona karatasi zake.

Alifundishwa na baba yake, Alois, aliyeifanya kazi hiyohiyo kabla yake kwenye okestra hiyohiyo. Mzee Alois alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: usimfanye mpigaji afunue ukurasa huku mikono yake imejaa. Ya pili: usimwache mtu gizani.

Hii ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Kuna wapigaji wanaonyamaza muda mrefu sana kwenye simfonia. Karatasi zao hazina kitu ila namba: nyamaza vipimo arobaini, yaani mafungu arobaini ya mapigo, halafu ingia. Wanahesabu kwa vidole kama watoto. Mnakili anayejali anawawekea, karibu na pa kuingia, nota ndogo ndogo za chombo kingine. Haziko pale zipigwe. Zinamwambia tu mtu: zumari likishaimba hivi, zamu yako.

Mwaka sabini na tisa, okestra ikapata bahati, au msiba, wa kupiga kwa mara ya kwanza simfonia ya tano ya Profesa Leopold Zawrel. Wazee hapa bado wanamkumbuka. Koti la kijani, vifungo vya pembe, kofia asiyoivua hata ndani ya lifti. Mlango wa ofisi una mbao mbili, watu wote wanapita kwenye mmoja. Yeye alikuwa anasimama mpaka bawabu afungue zote mbili. Muziki wake haukupigwa siku moja na wa mtunzi mwingine yeyote, hata aliyekufa zamani. Alikuwa anasema marehemu wanamlia muda. Ukimwomba chumvi mgahawani anakupa na sahihi yake juu ya kitambaa.

Lakini niseme ukweli, alikuwa anajua muziki. Rosi mwenyewe, ambaye ana kila sababu ya kumponda, hampondi hapo. "Sehemu ya tatu ya ile simfonia," ananiambia, "niliinakili huku nalia, ikabidi nivute karatasi pembeni isilowe. Mtu mwenye majivuno kiasi kile sijui alikuwa anauficha wapi ule moyo."

Siku ya kukabidhi kitabu, Zawrel alikiweka mezani kwa Rosi bila kumtazama usoni.

"Bi Kranzl, kwenye karatasi za wapigaji sitaki nota ndogo. Hata moja."

"Profesa, sehemu ya tatu tromboni zinanyamaza vipimo mia moja arobaini na saba."

"Wahesabu."

"Watahesabu, Profesa. Lakini binadamu hupitiwa."

"Kwenye muziki wangu hakuna anayepitiwa. Hawana haja ya kumsikiliza mwenzao. Wananitazama mimi."

Alipotoka, mlango wote kama kawaida, mkuu wa ofisi akaja mbio. Huyo ni Bwana Pichler, mtu mwema lakini uti wake wa mgongo ulikuwa wa siagi.

"Rosi, nakujua wewe. Nakuomba kwa heshima ya marehemu baba yako, usiziweke."

"Kwa heshima ya marehemu baba yangu nitaziweka."

"Basi weka kwa penseli! Akija juu tunafuta, yameisha."

"Penseli ni ya mtu anayejiandaa kukana, Bwana Pichler. Mimi naandika kwa wino."

Akaandika kwa wino. Wiki tisa, meza ya jikoni, mkate na siagi mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia. Kila aliyenyamaza muda mrefu akapata nota zake ndogo, safi kama mchele uliochambuliwa.

Mazoezi ya siku tatu za kwanza yakapita salama. Zawrel aliongoza mwenyewe, na mwongozaji haoni karatasi za wapigaji, anaona kitabu chake tu, na wapigaji hawakuwa wajinga wa kusema. Jumamosi, siku moja kabla ya onyesho, ndiyo ikaharibika. Zawrel alishuka jukwaani kwenda kuwaambia watu wa tromboni wainue vyombo juu zaidi, ili ukumbi ujue kitu kikubwa kinakuja. Akainama kwenye stendi ya Ferdl Hasenöhrl, tromboni ya kwanza, jitu nene, domo halina breki.

"Hiki nini?"

"Karatasi yangu, Profesa."

"Hivi vidudu hapa."

"Aah, hivyo. Hivyo ni vya zumari. Vimekuja kututembelea, sisi huku nyuma tuna upweke."

Watu wakacheka. Kosa. Zawrel akageuka mwekundu kama bitiruti, akapiga kelele Kranzl aletwe. Rosi akapanda jukwaani na aproni yake ya kijivu yenye madoa ya wino, mbele ya okestra nzima.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiweke, Profesa."

"Na?"

"Nikaweka."

"Chukua kalamu sasa hivi, zikate zote."

"Hapana, Profesa."

Uelewe, hii ni Vienna ya mwaka sabini na tisa. Hapa mtu alikuwa hamwambii profesa kwamba mvua inanyesha bila kuomba radhi kwanza. Zawrel akamgeukia mkuu wa ofisi.

"Pichler! Wewe zikate!"

Bwana Pichler alikuwa anachunguza viatu vyake. "Profesa... karatasi ni nyingi, na wino juu ya wino utapenya upande wa pili. Kesho hatutasoma hata zile kubwa."

Zawrel akavuta pumzi kwa pua. "Basi zibaki kesho, kwa sababu sina namna. Lakini Jumatatu asubuhi mwanamke huyu atakabidhi funguo za chumba cha nota. Ama yeye, ama muziki wangu hautapigwa hapa tena."

Funguo zile, kabla ya Rosi, zilikuwa kwenye mfuko wa baba yake. Miaka kumi na tisa ya Rosi, thelathini na moja ya mzee. Rosi akashuka jukwaani, akaenda ofisini, akazitoa kwenye mkufu wa ufunguo wa nyumba na kuziweka peke yake kwenye mfuko wa aproni. Tayari kwa Jumatatu. Hakulia. Nilimuuliza. Akaniangalia kama nimemtukana.

Jumapili, saa tano asubuhi, ukumbi umejaa. Watu wa hapa wanapenda muziki mkubwa kabla ya chakula cha mchana. Zawrel akaingia, akasimama, halafu, sikiliza hii, akaamuru stendi yake yenye kitabu iondolewe. Wanaume wawili wakaibeba ikatoka nje huku yeye amesimama pembeni anaitazama, mpaka kila mtu ukumbini aelewe: huyu anaongoza simfonia nzima kwa kichwa. Makofi yakalipuka hata kabla ya nota ya kwanza.

Sehemu ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ikaja ya tatu.

Sehemu ya tatu ni ya polepole, na fidla nene za chini zinashikilia sauti moja muda mrefu mno, kama mtu anayekataa kuamka. Juu yake vitu vidogo vinapita na kurudi, vinafanana. Ni pazuri na ni pabaya, maana ukisinzia kidogo hujui uko wapi. Rosi alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa pembeni, ameuacha wazi kiasi cha jicho moja, vidole vinahesabu juu ya aproni. Hakuhitaji karatasi. Alikuwa ameiandika simfonia ile mara sabini na kitu, chombo baada ya chombo.

"Nikaona mkono wa Profesa unanyanyuka kuelekea tromboni," ananiambia. "Na zumari bado halijaimba. Vipimo tisa mapema. Nikajua mzee kapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe."

Sasa jiweke kwenye kiti cha Ferdl. Umehesabu vipimo mia moja thelathini na nane kwa vidole. Mtu aliyeutunga muziki wenyewe anakunyooshea mkono, macho yamemtoka: ingia! Nani ataamini vidole vyake? Mimi ningeingia. Wewe ungeingia. Tromboni tatu zingepasuka katikati ya ukimya, nusu ya okestra ingemfuata mwongozaji, nusu ingebaki, na asubuhi ile ingekuwa soko la kuku.

Ferdl alikuwa tayari ameweka chombo mdomoni. Akashusha macho. Nota ndogo za zumari ziko pale, kwa wino mweusi, hazina wasiwasi. Zumari halijaimba.

Hakupuliza. Akawapiga wenzake wawili teke dogo chini ya kiti, nao wakatulia. Zawrel akanyoosha mkono tena, safari hii kwa hasira, shingo imevimba. Tromboni tatu zinamtazama tu kama ng'ombe wanaotazama treni. Mkono ukabaki hewani hauna pa kwenda.

Halafu zumari likaimba. Mpigaji wake naye alikuwa na nota zake ndogo, alikuwa anamsikiliza baragumu, baragumu anamsikiliza filimbi. Kila mtu alikuwa amemshika mwenzake mkono, na aliyewashikisha mikono alikuwa nyuma ya mlango na aproni. Zumari lilipomaliza, Ferdl na wenzake wakaingia. Mahali pake kabisa. Watu waliokuwepo wanasema viti vilitetemeka. Zawrel alipoisikia tromboni akajua alipo, mkono ukaikamata njia, na uso wake ukajipanga kana kwamba alipanga hivyo tangu mwanzo.

Mwisho ukumbi ulisimama. Dakika kumi na nne za makofi. Zawrel akarudishwa jukwaani mara saba, kisha akaenda chumba chake akazungukwa na wanawake wenye manyoya shingoni.

Ukumbi ulipotoka, Rosi akapanda jukwaani kukusanya karatasi, kama kila siku. Kwa kawaida wapigaji wanakuwa wameshakimbilia supu. Siku hiyo alikuta wamekaa. Wote. Ferdl akaanza kusugua kiatu chake sakafuni, shaa, shaa, shaa. Watu wa fidla wakagonga stendi kwa zile pinde wanazopigia. Hiyo ndiyo saluti ya okestra kwa mpigaji mwenzao aliyepiga vizuri kupita kiasi. Mtu wa ofisini hapewi. Baba yake Rosi hakuwahi kupewa, miaka thelathini na moja. Sasa viatu themanini, tisini, vinasugua mbao, na Rosi katikati, karatasi za filimbi kifuani, hajui aweke wapi uso wake.

Kelele zikafika chumba cha Zawrel. Akadhani ni sifa zake. Akatoka mbio, koti halijafungwa vifungo, akasimama jukwaani na kuinama mpaka chini.

Kelele zikakatika.

"Si wewe, Profesa," Ferdl akasema. Kwa adabu kabisa, chombo magotini.

Zawrel akainuka polepole. Akaangalia okestra, akafuata macho yao, akamkuta Rosi. Ferdl anaapa kwamba ndiyo mara ya kwanza mtu yule alimtazama mnakili usoni. Rosi akaingiza mkono kwenye aproni, akazitoa funguo, akazishika wazi kwenye kiganja. Alitaka azichukue mwenyewe, mbele ya watu wote.

Zawrel akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Zile ndogo," akasema, "ziache."

"Zimeandikwa kwa wino, Profesa. Zingeenda wapi?"

Rosi akarudisha funguo mfukoni, akaendelea kukusanya karatasi, akianzia filimbi alipoishia. Funguo alizikabidhi miaka ishirini na mbili baadaye, alipostaafu, na simfonia tatu zilizofuata za Zawrel hakuna aliyezinakili ila yeye. Mtunzi mwenyewe aliandika sharti hilo, kwa mkono wake. Mwandiko wa Rosi ulikuwa mzuri zaidi.

Karatasi za tromboni ya kwanza bado zipo, bado zinapigiwa. Nimeziona. Ukurasa wa kumi na moja, juu ya nota ndogo za zumari, Ferdl aliandika kwa penseli nene: "Mwamini Rosi, si mkono." Waliomfuata kwenye kiti kile hawajayafuta maneno hayo. Nilimwambia Rosi nikidhani atafurahi. Akaweka kikombe chini kwa nguvu.

"Mwandiko gani ule! Na kwenye ukurasa wangu!"