Kaburi la Mtoto Lililokataliwa na Kompyuta

Kwa jina la Mungu mwenye rehema, nawasalimu, ndugu zangu.

Leo kompyuta ya parokia yetu imemliza mama mmoja.

Alitoka kijiji cha Kaoze kuja kuweka msalaba kwenye kaburi la mwanawe. Mahali amepasahau, anakumbuka alama ya kaburi tu, W14. Binti yangu Skola, mtunza kanzidata, yaani kumbukumbu za parokia kwenye kompyuta, akaiandika humo. Likaja kosa.

"Kwani mwanangu hakuzikwa?" mama akauliza.

Skola akaikagua fanksheni, ile sehemu ya programu ya kutafuta makaburi. Aliitengeneza ipokee namba tupu, kama za watu wazima. Za watoto wachanga huanza na herufi.

"Nisamehe, mama. Niliwasahau wadogo."

Akabadilisha aina ya parameta, yaani kile fanksheni inachopokea, iwe maandishi. Kaburi likaonekana kwenye skrini.

Mama akauinua msalaba wake. "Hata humo kwenye kompyuta wanasahauliwa," akasema, akatoka kwenda kaburini.

Mungu azibariki nyumba zenu, na awakumbuke wadogo wenu wote.