Posa ya Mfupa na Chupa

Nikisikia harufu ya buni za kahawa zikikaangwa kwa samli, hata leo, hasira hunipanda kabla ya mate kunijaa. Watu wengine hukumbuka utoto wao wakatabasamu. Mimi hukunja uso. Juzi jirani yangu, mama mpole asiye na ubaya na mtu, alinikaribisha kikombe cha buni zinazoogelea katika samli, nami nikamwambia nina kiungulia. Sina kiungulia. Nina hasira ya tangu miaka ya sabini, na leo nimeamua kuwasimulia nyinyi, kwa sababu waliohusika hawapendi kuizungumzia.

Tulikaa Kiwanjani, mjini Isiolo. Sisi ni Wasomali wa zile koo za askari: babu alipigana vita vya Mwingereza, vikaisha, akaachwa Isiolo akingoja pensheni, na akazoea kuingoja. Baba alikuwa na lori, na mara nyingi alikuwa njiani kwenda Moyale, kwa hiyo mwenye sauti nyumbani alikuwa mdogo wake, Warsame. Tulimwita Adeer, kama tunavyomwita baba mdogo. Ua wa pili kutoka kwetu walikaa Waborana waliohamia mjini baada ya mifugo yao kuisha wakati wa machafuko ya baada ya uhuru. Hapo ndipo alipokuwa Talaso, rika langu na rafiki yangu, mtoto mwenye uongo mtamu kuliko wote niliopata kuwajua.

Talaso ndiye aliyeanzisha mchezo. Wasichana wengine walicheza baba na mama, wakipika udongo kwenye vifuniko vya mikebe. Sisi tulidharau mambo hayo. Sisi tulikuwa na mataifa mawili. Wajuu waliishi mawinguni, kule Mlima Kenya unakojificha, na hawakukanyaga udongo wala kula kitu kilichogusa ardhi. Wachini waliishi ndani ya vichuguu na walichukia jua. Kwao kumtazama mtu usoni ni tusi. Mwenye adabu anakusalimu amekupa mgongo. Mwana wa mfalme wa Wachini alikuwa mfupa wa goti la ngamia tuliouokota nyuma ya soko la mifugo. Talaso alimchora macho kwa makaa, akamwita Dumbi. Binti wa Wajuu alikuwa chupa tupu ya manukato ya mama yangu, ambayo bado ilinukia kidogo ukiisogeza puani. Jina lake Melele.

Dumbi alimtaka Melele. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mimi nilikuwa wazee wote wa Wajuu, Talaso wazee wote wa Wachini, na tulibishana kwenye kivuli cha ukuta wetu mpaka makoo yakatukauka. Wajumbe wa Wachini walifika wakatupa mgongo. Sisi tukaona tumetukanwa, tukawamwagia mvua. Melele alishuka kuwaamkia akawatazama machoni, kama alivyolelewa, na vita vikakaribia kuzuka. Siku moja Talaso alilia machozi ya kweli kwa sababu nilishikilia kwamba Dumbi lazima aje mchana. Lakini tulisonga. Mwishowe tulikubaliana kila mmoja atazame kivuli cha mwenzake ukutani: hapo hajamkazia macho, wala hajampa mgongo. Nasema bila haya, sijaona baraza la wazee Isiolo likifikia mapatano mazuri kama hayo, na mabaraza nimeyaona.

Ikabaki posa. Talaso alisema posa ni buni. Ndivyo shangazi yake alivyoposwa. Wazee wa upande wa mume huleta buni na tumbaku nyumbani kwa msichana. Wenyewe wakizipokea, wamekubali. Wakizirudisha, maneno yamekwisha. Nikamuuliza Wajuu watapokeaje kitu kilichotoka ardhini.

"Buni haigusi chini," alisema baada ya kufikiri. "Inaning'inia kwa mti. Si ya juu, si ya chini."

Nikaitikia kwa niaba ya Wajuu wote, na Melele akaposwa.

Talaso alichota buni za mama yake, akazifunga pamoja na tumbaku kidogo katika kitambaa cheupe, tukaziweka barazani kwetu, karibu na mlango, kwa heshima zote. Kisha akakimbia kwao kwenda kumsugua bwana harusi kwa mchanga, nami nikaingia ndani kutafuta uzi wa kumpamba bibi harusi. Kumbe mle ndani mlikuwa na msichana ambaye watu wangeweza kumposa kweli: dada yangu Amina, aliyekuwa amemaliza shule. Na Guyo, kaka yake Talaso, kijana aliyekuwa akimsaidia baba yangu kwenye lori, alikuwa na desturi ya kumwinulia Amina debe la maji pale bombani. Ni hilo tu. Kuinua debe.

Adeer alirudi kutoka msikitini baada ya swala ya alasiri akakiona kitambaa. Nilitoka na uzi wangu nikamkuta amekifungua kwa vidole viwili, mama amesimama kando yake.

"Wametuletea buni," alimwambia mama, bila kupaza sauti. "Hawa watu. Wanamtaka Amina."

"Ni yetu, Adeer," nikasema. "Ni ya mchezo. Mimi na Talaso tumeweka."

"Nyamaza wewe. Watu wakubwa wanaongea."

Nikasema tena. Nikamwonyesha chupa. Nikamweleza Wajuu ni nani na Wachini ni nani, na kwamba bwana harusi ni mfupa. Mama alinitazama, kisha akatazama pembeni. Adeer alikuwa ameshaanza kutembea.

Nilimfuata mbio. Mama Guyo alikuwa uani kwake na majirani wawili watatu, anapepeta mahindi. Adeer hakutoa salamu, yeye ambaye hakupita hata mbele ya duka bila kusema salaam aleikum. Alikiinua kitambaa juu ili kila mtu aone, akamwaga buni zote mavumbini. Na mjue kwamba Mborana hachezei buni. Huziombea dua kabla ya kuzila, huomba nazo mvua, watoto na amani.

Mama Guyo aliweka ungo chini polepole. "Warsame, hii buni mimi sijatuma."

"Basi imejileta yenyewe. Mwambie kijana wako kwetu hakuna msichana wake."

"Unaninyima kitu sijaomba? Mbele ya watu?"

Talaso alitokea mlangoni, Dumbi mkononi, mweupe kwa kusuguliwa. "Ni mimi nilichukua, mama," alisema. Alipigwa kofi papo hapo, na sikuwa nimewahi kumwona mama yake akimpiga. Mimi nilipiga kelele kwamba ni mchezo, ni mchezo tu, mpaka Adeer akanishika mkono akanivuta nyumbani. Majirani walikuwa wakiokota buni moja moja, wakizipuliza vumbi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Guyo aliacha lori akapelekwa Merti kuchunga ng'ombe wa mjomba wake. Kabla ya mvua za masika, Amina aliozwa kwa mfanyabiashara wa Garissa, rafiki wa Adeer, mtu mwenye malori na meno ya dhahabu. Talaso nilikutana naye njiani kwenda dukani. Nilisimama. Yeye akanipa mgongo akaendelea kusimama hivyo hivyo mpaka nikapita. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba ilikuwa salamu ya Wachini. Sijui. Walihama mwaka huohuo, na sikupata nafasi ya kumuuliza.

Kwa miaka nilijilaumu kwa sauti yangu. Niliamini kwamba ningesema vizuri zaidi, ningepanga maneno kama mtu mzima, Adeer angeelewa. Wahenga walisema mtoto hana kauli mbele ya mkubwa, nami nikakua nikijifunza kuwa na kauli, mpaka walimu wakanichoka.

Mama alipokuwa mzee, macho yamefifia, nilimuuliza tukiwa wawili. Kwa nini siku ile hamkunisikia?

"Tulikusikia," alisema. Akavuta tasbihi. "Warsame alijua mara tu ulipotoa ile chupa. Lakini baba yako alimpenda yule kijana. Angekuja na wazee wake kwa heshima, baba yako angekubali. Na Warsame alikuwa ameshampa mtu wa Garissa neno. Kitambaa chenu kilimpa sababu ya kuwafukuza kabla hawajaja."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na watoto, na mume wangu yuko Moyale."

Alitaka nimhurumie, na ninamhurumia, lakini hasira haikuondoka. Ilipata tu mahali pazuri pa kukaa. Nilikuwa tayari kumsamehe mtu mzima aliyedhani mchezo wa watoto ni posa ya kweli. Mtu kama huyo amekosea, basi. Lakini Adeer alinisikia neno kwa neno, na mama alinisikia, na wote wawili walijua kwamba katika kitambaa kile hapakuwa na bwana harusi ila mfupa.