Salama ya Mama Chibalonza

Mama Chibalonza wa Rooty Hill, kitongoji cha Sydney, hakuwa mtu wa kulialia. Alivuka ziwa na mtoto mgongoni, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na mitatu, na huko huko akamzika mwanawe wa kwanza, Wilondja. Mtoto alikuwa wa miaka tisa. Aliuawa na ule ugonjwa wa damu ambao kwao Bukavu wanauita SS, watu wa pwani wanauita selimundu. Alikata roho kwenye benchi la zahanati, wakisubiri zamu. Hakuna aliyemwona mama yake akigaragara chini. Alipofika Sydney akapata kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwageuza kitandani, na ukimuuliza habari za kazi atakwambia nzuri, hata siku kiuno kinawaka moto.

Jumanne hiyo alikuwa hospitalini, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote. Kando yake Aline, kitinda mimba wake wa miaka kumi na saba, alikuwa akisugua goti. Aline naye alizaliwa na damu ile ile. Kwenye kiti cha tatu alikaa Fawzia, mkalimani, binti wa Tanga anayeishi mtaa wa Auburn. Mama Chibalonza hakumwomba. Siku zote aliwaambia wauguzi Kiingereza chake kinatosha. Safari hii hospitali ilimleta tu, kwa ajili ya karatasi za kutia sahihi.

Daktari, bwana mrefu mwenye soksi za rangi rangi, alieleza utaratibu wa tiba mpya ya ugonjwa huo. Wanachota zile seli changa zinazozalisha damu ya mgonjwa mwenyewe, wanazirekebisha jeni maabarani, kisha wanamrudishia. Lakini kabla ya kumrudishia wanampa dawa kali ya kuondoa seli za zamani ndani ya mifupa. Nywele hukatika. Kwa wiki kadhaa mwili hauna kinga, hata mafua yanaweza kuua. Uzazi nao unaweza kupotea. Wapo waliotibiwa hivyo na sasa wana miaka hawajui maumivu. Wapo ambao haikuwafaa. Nafasi zilikuwa chache, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

"Uzazi," Mama Chibalonza akarudia polepole.

"Kwanza niishi, Mum," Aline akasema kwa Kiingereza.

Daktari akageuza kompyuta yake, akaongea kwa muda. Fawzia akashusha pumzi.

"Mama, anasema kuna tatizo. Sharti ni mgonjwa awe amebanwa na maumivu makali si chini ya mara nne kwa miaka miwili, na iwe imeandikwa. Faili la Aline lina mara moja tu."

"Mara moja? Mwambie aangalie vizuri. Amefungua la mtu mwingine."

Daktari akasoma, Fawzia akafuata nyuma yake. Machi, mama anasema mtoto mzima. Juni, mama anasema hawajambo, wanamshukuru Mungu. Septemba, salama. Desemba, salama. Alisoma ziara zote nane. Hiyo mara moja ilikuwa siku Mama Chibalonza yuko kazini, ndipo mumewe Venant akamkimbiza mtoto hospitali bila ruhusa yake.

Ilikuwa kweli, maneno hayo aliyasema yeye. Daktari aliingia, akauliza Aline anaendeleaje, naye akajibu kama mtu aliyelelewa anavyojibu: salama. Kwao salamu ni salamu. Hata kama ndani kuna maiti, utajibu salama kwanza, mtaketi, mwenzio atakuuliza tena kwa sauti ya chini, na hapo ndipo utasema, lakini kuna jambo. Miaka miwili alikuwa akingoja aulizwe tena. Daktari hakuuliza. Aliandika, akambonyeza mtoto tumbo, akatoa dawa, mlango ukafunguliwa. Na maumivu yakaja nyumbani, yakakabiliwa nyumbani, kwa chupa za maji moto na kukanda, maana mabenchi ya kungojea alishaapa hatayakalia tena.

"Na wewe ulikuwa na mdomo," akamgeukia Aline. "Mbona hukusema?"

"Mbele yako? Ungenikata jicho njia nzima mpaka Rooty Hill."

Fawzia akamwomba daktari ruhusa ya kueleza jambo la desturi. Akaeleza. Daktari akavua miwani, akaiweka mezani.

"Anasema amekuelewa, na anajilaumu," Fawzia akasema. "Lakini kamati inayochagua wagonjwa haipokei maelezo ya leo. Inataka kitu kilichoandikwa au kurekodiwa siku ile ile mtoto alipoumwa, chenye tarehe."

Kitu hicho kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya mkoba, kwenye simu, na Mama Chibalonza aliuminya mkoba ule kana kwamba kuna anayetaka kuunyakua. Alimtazama Aline anavyosugua goti. Kisha akatoa simu, akatafuta jina la Verdiane, mama wa maombi kanisani, mtu pekee duniani aliyewahi kuambiwa. Akabonyeza ujumbe wa sauti aliowahi kumtumia.

Sauti iliyotoka haikuwa yake, au ndivyo alivyotamani.

"Verdiane dada yangu, omba. Ameanza tena tangu asubuhi. Anasema mifupa inapondwa. Ananiita vile Wilondja alivyoniita. Dada, na huyu nitamzika?"

Nyuma ya maneno, kwa mbali, msichana alikuwa akilia. Fawzia alitafsiri mpaka neno la mwisho, kisha akanywa maji.

"Siku ile ulisema unaenda kuanika nguo," Aline akasema. Hii aliisema kwa Kiswahili.

"Nilianika."

Jumbe zilikuwa saba. Daktari aliziandika tarehe moja moja, akaomba shule ilete siku ambazo Aline hakuhudhuria, walinganishe. Hakuahidi kitu.

Jumatano na Alhamisi Mama Chibalonza aliosha vyombo visafi. Ijumaa saa nne asubuhi, akiwa anamvalisha mzee mmoja soksi, simu ikaita. Alikuwa daktari, na Fawzia kwenye laini.

"Mama, tarehe nne zimelingana na za shule. Kamati imekubali. Aline ataanza mwezi ujao."

Akaketi kitandani kwa mzee wa watu, soksi mkononi.

"Na anauliza," Fawzia akaendelea, "wewe mwenyewe hujambo?"

Neno lile la siku zote lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Mwambie naogopa," akasema. "Naogopa hiyo dawa. Naogopa zile wiki za bila kinga. Naogopa nimemkosesha watoto, na naogopa isimfae. Aandike."

Fawzia akatafsiri. Vidole vya daktari vikasikika vikigonga kibodi.