Kifaa Juu ya Dashbodi

Mkuu wetu wa mradi alikiweka kile kifaa mezani kwangu bila hata kunisalimu, kisha akaweka kando yake kipande cha chuma kilichopindwa na kipakiti cha skrubu.

"Hii ifungwe kwa gari yako, madam," akasema. "Kwa dashbodi. Na isizimwe ukiwa njiani."

Nikamwuliza ni nini.

"GPS. Inapata habari kutoka kwa setilaiti. Inajua mahali iko." Akarudi ofisini kwake na kufunga mlango.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Voi. Mradi wetu ulikuwa wa maji. Tulizunguka vijijini kukagua matangi na mabomba, tukikaa na kamati za wanakijiji na kusikiliza malalamiko yao. Magari ya mradi yalishinda gereji zaidi kuliko barabarani, kwa hivyo nilitumia kigari changu mwenyewe, cheupe, cha milango miwili, nilichokinunua kwa mwalimu aliyekuwa anastaafu. Mradi uliweka mafuta tu. Gari lilikuwa langu, na hilo ndilo lililonifanya niziangalie zile skrubu kwa jicho la pembeni.

Nilitoka nacho uani. Kilikuwa cheusi, kizito kidogo, kama redio ya mkononi ya askari, chenye kioo kidogo cha kijivu. Nilisubiri juani mpaka kikaonyesha alama ndogo nyeusi katikati. Nilipotembea kuelekea getini, nyuma ya ile alama ukatokea mstari wa vidoti. Nikageuka kurudi, mstari ukageuka nami. Nikasimama pale nikiwa nimeelewa jambo moja: kitu hiki kilikuwa kinakumbuka nilikopita.

Sasa, mkuu huyu alikuwa mgeni kwetu, ameletwa kutoka Nairobi, na maneno yake yalikuwa machache mno. Kabla hajamaliza kuzijua ofisi zetu, mfanyakazi mwenzetu mmoja alihamishwa kwa madai kwamba anatumia saa za kazi kwa shughuli zake. Na mimi, kila nilipopita upande wa Mwatate, nilikuwa nakata kona kupanda Chawia kumwona mama yangu, aliyekuwa anasumbuliwa na mguu. Nilikuwa siunyimi mradi kazi yake, lakini nani angenisikiliza? Kwa nini kifaa nipewe mimi peke yangu? Kwa nini kisizimwe? Na kwa nini kifungwe kwa skrubu, nisiweze kukitoa?

Nikaamua kwamba dashbodi yangu haitatobolewa.

Karibu na soko la Voi palikuwa na duka la spea la familia moja ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani. Bi mkubwa mwenye duka ndiye aliyekaa kaunta. Nilimwonyesha kifaa, nikamweleza ninachotaka: kitu cha kukishikilia mbele ya dereva, pale kinapoweza kuiona mbingu kupitia kioo, lakini bila tundu.

"Gari ni la nani, mwanangu?"

"Langu."

"Na hicho kidude?"

"Cha kazini."

"Basi kazi ikisha na kidude kikenda zake, matundu yatamsalia nani?" Akacheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye kifaa. "Na chafanya nini hasa?"

"Kinajua mahali kilipo."

"Kinajua ulipo wewe," akasema, na hapo nikajua sikuwa peke yangu katika wasiwasi wangu.

Alipekua rafu ya nyuma akanitolea kishikio chenye mpira wa kunyonya kioo, kilichotengenezwa kwa ajili ya vile vifeni vidogo vya magari. Akaulamba mpira, akaubandika kwenye kioo cha kaunta na kuuvuta. Haukung'oka.

"Kitashika barabarani?"

"Hapa dukani chashika, waona mwenyewe. Huko kwenu kwenye mashimo sijui. Mimi nauza, siapi."

Nikakichukua. Mkuu alipoona kifaa kinaning'inia kwenye kioo badala ya kukaa kwenye chuma chake, alisimama kando ya gari.

"Si nilisema skrubu?"

"Dashbodi ni ya zamani, itapasuka."

"Na ikianguka?"

"Haitaanguka."

Hakubishana. Aliitikia tu kwa kichwa na kwenda. Ningefurahi, lakini kule kutobishana kwake ndiko kulikonikosesha raha. Mtu asiye na lake jambo, nilijiambia, angeuliza zaidi.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Makwasinyi, nyuma ya mlima Kasigau. Mpaka Maungu, kwenye lami, kifaa kilitulia. Nilipoacha barabara kuu na kuingia kwenye udongo mwekundu, gari likaanza kutetemeka kwenye yale matuta madogo yaliyojipanga kama mabati, na jua likawa linapiga kioo moja kwa moja. Nilikuwa namwangalia ng'ombe wa mbele katika kundi lililokuwa linavuka nilipousikia mpira ukiachia. Kifaa kikagonga gia na kubiringika miguuni pangu. Nikakanyaga breki. Breki haikushuka.

Kilikuwa chini yake, kimejibana.

Sikumbuki nilifikiri nini. Nakumbuka mkono wangu ukivuta breki ya mkono, gari likizungusha makalio yake, na matawi ya miiba yakikwaruza mlango. Tukasimama ndani ya kichaka. Mchungaji alikuja mbio, akachungulia dirishani, akaniuliza kama nimeumia. Nilimjibu hapana. Aliwahesabu ng'ombe wake, akanitazama tena kama anayejiuliza nimekunywa nini asubuhi yote hiyo, kisha akaondoka.

Niliinama nikakichomoa. Hakikuvunjika. Kwenye kioo chake mstari ulikuwa umepinda hadi kichakani na kuishia hapo, pamoja nami. Nilishikwa na hasira ambayo hata sasa siwezi kuieleza vizuri. Nusura nife, na chenyewe kilikuwa kinaandika.

Kurudi Voi sikutaka, na kukiweka kitini kisione mbingu kungekuwa kumpa mkuu sababu ya kunihamisha. Nyuma ya gari nilikuwa na mfuko wa pojo, zile choroko za kijani, niliokuwa nimenunua kwa ajili ya nyumbani, leso yangu, na kipande cha tyubu ya gurudumu nilichofungia mizigo. Nikatandika tyubu kwenye dashbodi upande wa abiria, mbali na miguu yangu. Nikaufunga mfuko wa pojo ndani ya leso, nikaulaza juu ya tyubu, nikakididimiza kifaa katikati mpaka pojo zikakikumbatia. Nikalirudisha gari barabarani na kupita makusudi kwenye matuta. Mfuko haukusogea. Breki nilizikanyaga mara kadhaa, kwa nguvu. Haukusogea.

Makwasinyi walikuwa wananisubiri kwenye tangi, karibu na shule. Mwenyekiti wa kamati yao ya maji alikuwa mama wa makamo, mkulima, sauti yake nzito, na tulikuwa tumefanya naye kazi kabla. Nilimwamkia kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kama siku zote. Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa yameshapita bega langu.

"Hicho kilichokaa juu ya pojo ni nini?"

"Kifaa cha ofisi. Kinaonyesha mahali."

"Mahali pa nani?"

Wengine walisogea. Nikawaeleza setilaiti kadiri nilivyoelewa mwenyewe, yaani kidogo. Mzee mmoja akauliza kama kinaona mawe yaliyo chini ya ardhi, yale ya kijani ambayo watu huyachimba vilimani. Nikasema hapana.

"Wageni wa kwanza walikuja na vyombo vyao wakasema wanahesabu miti," alisema mwenyekiti. "Tukawapa maji ya kunywa. Baadaye tukaambiwa tusichimbe hata choo upande ule wa mlima. Wewe ni binti wa Chawia, hatukuiti mwizi. Lakini aliyekupa hicho unamjua?"

Nilitaka kusema namjua. Nilifungua mlango, nikakinyanyua kifaa kutoka kwenye pojo na kumwekea mkononi. Kama kingekuwa kimefungwa kwa skrubu, nadhani mazungumzo yangeishia hapo. Alikishika mbali na kifua chake.

"Kinatuona?"

"Chenyewe hakina macho. Kinajua kilipo tu."

"Na aliye karibu nacho?"

Hilo lilikuwa swali langu mwenyewe, nililolibeba tangu uani kwetu Voi, na sasa nilikuwa naulizwa mimi kana kwamba ndimi niliyekitengeneza.

Akanirudishia. "Chanzo chetu cha maji kiko kule juu. Utakwenda kukiona, ndiyo kazi yako. Lakini hiki hakipandi."

Nilikubali. Kazi niliyotumwa ilikuwa kukagua maji. Kuhusu kupanda na kifaa mlimani, mkuu hakuwa amesema neno. Nilikirudisha juu ya mfuko wake, na akina mama wawili wakabaki kukilinda huku sisi tukipanda kwa miguu. Tuliporudi nilikuta wamekilaza kifudifudi, uso ndani ya pojo, na mmoja wao ametupia kanga juu yake.

Wiki ile ile nilitumwa Mboghoni, ng'ambo ya Taveta, kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba. Wakati wa kurudi nilifika Mwatate na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuzimia. Nikaurudisha kwenye usukani. Kama ananitafuta, nilisema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, basi na anipate. Nikapanda Chawia na mstari wangu nyuma yangu. Mama aliniuliza kwa nini nimenuna, nikamwambia ni uchovu.

Mkuu aliniita siku iliyofuata. Alikuwa amekiunganisha kifaa kwa waya na kompyuta, na safari zangu zote zilikuwa pale, mistari myembamba, kila kona. Akaweka kidole kwenye kona moja.

"Hapa?"

"Kilianguka chini ya breki. Nikaingia kichakani."

Alinitazama. "Uliumia?"

"Hapana."

Kidole kikasogea. "Hapa Makwasinyi gari ilisimama sana."

"Nilipanda chanzoni kwa miguu. Kifaa kilibaki. Wenyewe hawakutaka kipandishwe."

Nikangoja ghadhabu yake. Akasema tu, "Sawa. Ya miguu sihitaji." Halafu kidole kikapanda polepole kwenye vilima. "Na huku? Huku hatuna kazi."

"Huko kuna mama yangu."

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshatunga barua ya kujiuzulu kichwani, na ilikuwa kali.

"Barabara iko namna gani huko, ikinyesha?" akauliza.

Nilidhani ananidhihaki. Nikamwambia kama ana la kusema kuhusu mama yangu aliseme waziwazi. Alishtuka kwelikweli, nilimwona akiuondoa mgongo kwenye kiti.

"Madam, mimi natafuta barabara. Ramani tuliyo nayo ni ya zamani, na zile mvua kubwa za mwaka jana zilikata madaraja na kuhamisha njia. Kiangazi kikija, lori ya maji itapita wapi? Gari yako iko chini sana. Mahali imepita bila kukwama, lori imejaa itapita."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Na skrubu?"

"Nilikuwa na ingine, Nairobi. Niliiacha tu juu ya dashbodi. Wakavunja kioo, wakaenda nayo."

Lilikuwa jibu zuri, na kila kipande chake kilikaa mahali pake. Hata hivyo nilimwomba aufute mstari wa Chawia. Aliufuta mbele yangu, kwa kubonyeza mara moja, bila kuuliza. Kama aliacha nakala mahali, sijui. Kwa muda mrefu baadaye kila aliponiita ofisini niliangalia kwanza kioo cha kompyuta kabla ya kuangalia uso wake. Kuhusu skrubu, hakunitajia tena. Nilishona mfuko wa turubai, nikaujaza mchanga badala ya pojo, na nikawa nakificha kifaa chini ya kiti kila nilipoegesha.

Kiangazi kilikuja, kirefu. Matangi ya upande wa Kasigau yalikauka, chanzo cha mlimani kikawa kinatoa tone kwa tone. Lori la kwanza la maji lilipokwenda Makwasinyi, nilipanda mbele na dereva. Alikuwa na ramani iliyochapwa ofisini, lakini alikuwa anaikunja na kuikunjua tu, kwa kuwa njia niliijua. Tulipita pale kichakani na sikumwambia kitu.

Wanawake walikuwa wamepanga mitungi tangu alfajiri. Mwenyekiti alikuwa mbele yao, amekonda. Alilizunguka lori lote, akagonga tangi kwa ngumi, akamwuliza dereva nani alimwonyesha njia. Dereva akaninyooshea kidevu.

Mama yule alikuja mpaka niliposimama. Kisha akaomba kikombe, akakikinga kwenye bomba mwenyewe, akakinusa na kunipa.

"Kunywa wewe kwanza."

Maji yalikuwa ya moto na yalinuka chuma cha tangi. Niliyanywa yote, huku yeye akitazama koo langu likipanda na kushuka. Nilipomrudishia kikombe kitupu hakusema asante wala karibu. Alisubiri kidogo, akinichungulia machoni, mpaka aliporidhika. Ndipo alipowageukia wenzake na kuwaambia waanze kuteka, wazee na wenye watoto wachanga watangulie.