Mpima Maji wa Shimo la Fisi

Chiwanga hakuyaamini maji. Wako watu wanaoyaogopa. Yeye hakuyaogopa hata chembe, alikuwa hayaamini tu, kama usivyomwamini mkwe anayecheka kupita kiasi. Na ndiyo maana vijana wote wa Gulwe, kabla hawajaruka kutoka jabalini, walimwendea kwanza yeye.

Mto wetu wa Kinyasungwe, kwa asiyeujua, si mto wa mwaka mzima. Kiangazi ni mchanga mtupu, na ng'ombe huchimbiwa visima katikati yake. Mvua zikinyesha huko juu unakuja kwa ghafla, umebeba miti na mizoga, halafu baada ya siku chache unapungua na kuacha madimbwi kwenye miamba. Dimbwi kubwa kuliko yote lilikuwa Shimo la Fisi, chini ya jabali lililofikia urefu wa mbuyu. Humo ndimo walimorukia vijana waliotoka kuchunga. Aliyeshindwa kuruka alitaniwa mpaka anaoa, na wengine walitaniwa hata baada ya hapo.

Chiwanga alipima namna yake, na hakuna aliyemharakisha akasalimika na ulimi wake. Kwanza alikaa kutwa nzima akitazama. Maji yaliyotulia na kuiva kijani, alisema, huenda yana kina. Maji yanayochezacheza juu yana mchanga karibu. Kisha alipanda juu akatupa jiwe la ukubwa wa ngumi, akatega sikio. Kisha akashuka, akaingia majini na kamba ya magome ya mbuyu yenye fundo kila pima moja, jiwe mwishoni, akaiteremsha mahali pasipopungua nane. Hapo mwenye haraka angesema basi, yatosha. Wapi! Alizamia mwenyewe, akapapasa chini kwa mikono kutafuta magogo, maana kamba haikwambii kama kuna gogo limesimama pembeni likikungojea.

Akiridhika ndipo alipopanda jabalini na kuweka jiwe jeupe ukingoni. Maana ya jiwe ilijulikana na wote: weka mguu hapa, ruka mbele, usitazame chini. Anayetazama chini huingiwa na hofu, na mwenye hofu huanguka upande. Kwa hiyo mrukaji alilitazama jiwe tu, na wenzake waliokuwa chini walipiga kelele kwa pamoja, mikono juu, kumpa moyo. Chiwanga ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Na alikuwa na sheria moja asiyoivunja: mto ukishuka tena na maji mapya, jiwe linaondolewa siku hiyohiyo. Mchanga wa Kinyasungwe unatembea. Dimbwi lililopimwa kabla ya mto kushuka halijapimwa.

Miaka kumi na miwili alifanya kazi hiyo, bila ujira zaidi ya kibuyu cha pombe ya uwele. Hakuna aliyevunjika hata kidole.

Halafu wakaja Wajerumani na reli yao.

Kambi ilipigwa karibu na mto, na msimamizi wake alikuwa mzungu mmoja kijana, msafi, mpole wa sauti, anayepiga mluzi kutwa. Watu wakamwita Bwana Mluzi. Usimdhanie kuwa alikuwa mtu wa kufoka, la. Aliamuru watu wapigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa sauti ileile aliyoagizia chai. Alikuwa na mashine ya picha yenye miguu mitatu, na aliipenda kuliko alivyopenda kitu chochote chenye damu.

Jumapili moja aliwakuta vijana wakiruka. Alifurahi mno! Tangu siku hiyo kila Jumapili wafanyakazi walipelekwa Shimo la Fisi, apende mtu asipende, na Chiwanga akatolewa kwenye kubeba udongo akaambiwa kazi yake sasa ni kupima maji. Alijisikia vizuri, tusifiche. Alitembea kambini na kamba yake begani, akiitikia salamu kwa kichwa.

Lakini mdogo wake, Matonya, alikuwa kwenye mnyororo. Matonya alikata waya wa simu, urefu wa mikono minne tu, amtengenezee mchumba wake bangili za miguuni. Wagogo wengi walifanya hivyo, wakaona uzi mzuri umetundikwa bure porini. Akakamatwa, akapigwa hadharani, akafungwa miezi sita katika mnyororo wa watu kumi, shingo kwa shingo, wakivunja mawe. Miezi miwili ilipopita, watatu kati ya wale kumi walikuwa wamezikwa na wengine kutiwa mahali pao. Shingo ya Matonya ilioza chini ya chuma. Alikohoa mpaka wenzake walioungana naye waliyumba.

Chiwanga akaenda kwa bwana kuomba. Mkalimani alikuwa askari Mustapha, mtu wa Kondoa, ambaye hakuwa mbaya wala mwema, alikuwa askari.

Bwana Mluzi alisikiliza, akatabasamu. Akasema kuna wageni wanakuja Jumapili kutoka Kilosa. Hakuna picha nzuri aliyowahi kupata ya mtu akiruka kutoka kule juu kabisa. "Mdogo wako akiruka na mimi nikapata picha," Mustapha akatafsiri, "mnyororo utatoka shingoni mwake siku hiyohiyo. Neno langu ni neno langu."

Chiwanga almanusura ambusu viatu. Matonya alikuwa mrukaji hodari tangu utoto, na afya yake, hata kwa jinsi ilivyokuwa, ingemfikisha juu. Kilichobaki ni maji, na maji yalikuwa mikononi mwa Chiwanga.

Ijumaa alipima kutwa. Pima tatu na nusu chini ya ukingo wa jabali, mchanga laini, hakuna gogo. Akaweka jiwe jeupe. Bwana akaja na mashine yake, akasimamisha miguu mitatu ng'ambo ya pili, akachungulia, akaridhika. Jioni Chiwanga alipita karibu na mnyororo, akamwambia mdogo wake kwa Kigogo, "Lifuate jiwe. Usitazame kitu kingine." Matonya akajibu, "Nilishawahi kutazama kingine, kaka?"

Jumamosi usiku mto ukashuka.

Haukuwa mkubwa, ulipita usiku huohuo na kuondoka. Jumapili alfajiri Chiwanga alikuwa kwenye maji na kamba yake. Chini ya jiwe lake kamba ilishuka kidogo tu ikalegea. Akasimama: maji yalimfika kiunoni. Mchanga ulikuwa umejaza shimo lote upande ule. Akahangaika huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, mpaka alipokuta kina hatua saba kando, penye mwamba mweusi: pima nne kamili, safi. Alicheka peke yake majini. Akapanda mbio, akalichukua jiwe, akalihamisha hatua saba.

Mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Watu wakaja, wageni wakaja na viti vyao. Bwana Mluzi akachungulia mashine yake, akaacha kupiga mluzi. Kati ya mashine na jiwe, pale liliposogezwa, palikuwa na mti uliomea kwenye ufa wa mwamba, na matawi yake yaliziba picha. Akasema jiwe lirudishwe.

Chiwanga akapiga magoti. "Mwambie bwana maji yamehama! Pale ni kiuno tu. Mtu akianguka pale amekufa!"

Mustapha alitafsiri. Bwana akatazama saa yake, akatazama jua, na jibu lake likaja kwa upole uleule.

"Anasema Ijumaa ulisema ni pima tatu na nusu. Leo unasema ni kiuno. Anasema mmoja wenu ni mwongo, wewe wa Ijumaa au wewe wa leo, na yeye hana muda wa kumtafuta."

"Basi mti ukatwe! Nitaukata mimi!"

"Anasema mwanga utapita."

"Mwambie niruke mimi badala yake, papo hapo anapopataka!"

Mustapha hakutafsiri hilo. Alimtazama Chiwanga kidogo, akamwambia chini kwa chini, "Nyamaza, ndugu yangu, utatiwa mnyororoni na wewe." Kisha akamtuma askari mwenzake juu kulirudisha jiwe.

Matonya alikuwa akipandishwa kwa njia ya nyuma ya jabali na askari mwingine. Hakuona lolote kati ya haya. Kule juu wakamfungua. Alitokea ukingoni akijishika shingo, akigeuza kichwa kulia na kushoto, kama mtu aliyesahau kwamba kichwa hugeuka.

Chiwanga akachomoka mikononi mwa Mustapha, akakimbilia majini, akanyoosha mikono yote miwili juu, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: usiruke! Na wafanyakazi wote mia mbili, kama desturi, wakanyoosha mikono juu wakapiga kelele.

Matonya akaliona jiwe. Akamwona kaka yake chini, mikono juu. Akacheka. Akaweka mguu penye jiwe na kuruka, macho mbele, mwili umenyooka, kama alivyofundishwa.

Mlio wake haukuwa wa maji.

Hakufa. Mungu wangu, afadhali angekufa, wengi walisema hivyo mbele yake. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na kitu tena. Bwana Mluzi aliuliza kama mtu yu hai, akaambiwa yu hai, akasema vema, basi yuko huru, apelekwe kwao. Neno lake lilikuwa neno lake.

Lakini daftari lilisema mnyororo una watu kumi, na kola ya kumi ilikuwa tupu. Mustapha akauliza ijazwe na nani. Bwana alikuwa akifunika mashine yake kwa kitambaa cheusi, taratibu, asiikwaruze. Akaonyesha kwa kidevu. Chiwanga alivishwa chuma kilichokuwa bado na usaha wa mdogo wake, akavunja mawe miezi minne iliyobaki.

Siku alipofunguliwa, kambi ilikuwa inahama kuelekea Dodoma. Bwana Mluzi alimwita, akampa picha, zawadi, akampiga bega. Chiwanga hakuitazama. Alitaka kuitupa njiani, ila aliona karatasi ile ina mdogo wake ndani, akashindwa.

Loisi, mke wake, alikuwa amemtunza Matonya miezi yote minne kwenye nyumba yao ya tembe. Yeye alikuwa amebatizwa na wamisionari wa Mpwapwa na alijua kusubiri. Alimpokea mumewe mlangoni, akamwosha shingo. Matonya akasema kutoka ndani, "Lete hiyo karatasi."

Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa picha nzuri, hakuna aliyebisha. Yeye yuko hewani, kifua mbele. Nyuma yake jiwe jeupe ukingoni. Na chini, majini, kaka yake, mikono juu, mdomo wazi.

"Nilikuwa nakukataza," Chiwanga akasema. "Walilirudisha jiwe, Matonya. Nililihamisha, wakalirudisha."

"Nani huweka jiwe?"

"Mimi. Lakini siku ile—"

"Nani hupiga kelele?"

"Mdogo wangu, nilikuwa nakwambia usiruke!"

"Nilikusikia," Matonya akasema. "Ulipiga kelele kama siku zote."

Mustapha, aliyejua, alikuwa amekwenda na reli. Loisi alimwamini mumewe, lakini Loisi hakuwapo. Wafanyakazi waliokuwapo hawakusikia maneno, walisikia kelele zao wenyewe. Matonya akaamuru picha ibandikwe ukutani kwa mwiba, mkabala na mahali Chiwanga anapokaa kula. Ikakaa hapo. Chiwanga alimwosha mdogo wake, akamgeuza, akamlisha ugali wa uwele na mlenda, na kila akiinua macho kutoka kwenye chungu alijiona yuko majini, akishangilia.

Mvua zikarudi. Mto ukashuka, ukapungua. Siku ya tatu Matonya akasema, "Nibebe mpaka Shimo la Fisi. Juu kabisa."

Chiwanga akambeba mgongoni, njia ile ya nyuma. Akamkalisha kwenye mwamba. Matonya alikuwa na jiwe jeupe kwenye nguo yake. Mungu anajua alilipata wapi.

"Umepima?"

"Sijapima."

"Vizuri." Akalirusha. Jiwe likaviringika, likasimama ukingoni, karibu na mahali palepale. "Unasema hukuniua. Ruka basi, maji yaamue. Usitazame chini."

Chiwanga, asiyeyaamini maji, mtu aliyekaa kutwa nzima kabla ya kuingiza kidole, akaenda akaweka mguu wake penye jiwe. Alingoja. Kwa desturi aliyekuja nawe hupiga kelele. Nyuma yake palikuwa kimya. Akaruka.

Maji yalimpokea, yakammeza, yakaendelea kummeza. Mwaka ule mto ulikuwa umechimba. Hakugusa hata chini. Alipoibuka akihema alitazama juu, akauona uso wa mdogo wake ukingoni. Matonya alikuwa amejiburuta kwa viwiko mpaka hapo aone. Alikuwa analia kwa hasira, kamasi zinamtoka, akipiga mwamba kwa ngumi.

"Hata maji!" alisema. "Hata maji yanakupenda wewe!"

Chiwanga akapanda, maji yanamchuruzika, akainama, akampa mgongo. Matonya akamkumbatia shingo, pale penye kovu la chuma, akajishika sawasawa.

"Mwakani," akamwambia sikioni, "mto ukishuka tutakuja tena."

"Tutakuja," Chiwanga akasema, akaanza kuteremka.